Tai na Mnazi: Kusoma Shairi la Uhuru

Mimi ni mtu wa uhandisi, lakini leo naomba tusome mashairi kidogo.

Mwaka 1822 Pushkin, Mrusi ambaye babu wa mama yake alitoka Afrika, alitunga "Mfungwa". Wakati huo serikali ilikuwa imemhamishia kusini, mbali na mji mkuu. Mfungwa wake anamwona tai chini ya dirisha. Tai naye kakulia kifungoni, ila anamwita waruke pamoja, milimani na baharini. Hapa maumbile ni mlango wa kutokea.

Sasa hebu tuje kwetu. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alihukumiwa kifungo cha miaka 3 mwaka 1969 kwa waraka wake "Kenya: Twendapi?". Gerezani alitunga kwa siri kwenye karatasi za chooni, na mwaka 1973 ikatoka "Sauti ya Dhiki". Humo mna "Mnazi: Vuta N'kuvute", ndugu wawili wanagombea mnazi. Hakuna anayeruka! Mti una mizizi. Uhuru hapa ni kugawana kwa haki kilichoota nyumbani.

Basi ukikuta ndege, mti au bahari katika shairi, jiulize: kinamwita mtu aondoke, au kinamtaka adai fungu lake?

Sisi wa ng'ambo hupenda kujiona matai, jamani. Mimi naona wengi wetu ni watu wa mnazi: fungu letu liko kule, na jembe la kupalilia linatungoja. Au wewe unasemaje?