Lugha Moja Kwanza: Somo kwa Anayetaka Kutengeneza Tovuti



Ndugu zangu, likizo ya mwaka jana nilitoka Nakivale kwenda Mbarara pamoja na mdogo wangu. Tulikuwa na shilingi 650,000 za kununua laptopu ya mtumba, fedha ambazo mama alizikusanya kwa misimu miwili ya mahindi na maharage. Tukiwa ndani ya teksi, mdogo wangu akaniuliza: “Yaya, nikishapata mashine, nianze na lugha gani? Mmoja ananiambia Python, mwingine PHP, mwingine JavaScript.” Kwetu Wakongomani, yaya ni kaka au dada mkubwa, na yaya hutarajiwa kuwa na jibu.

Mimi jibu sikuwa nalo, kwa kuwa swali hilo liliwahi kunishinda. Kabla ya kuingia chuo nilijifunza kutengeneza tovuti kwa mwaka mzima. Nilianza na Python. Baada ya miezi mitatu nikasikia kwamba PHP ina kazi nyingi, nikahama. Kisha nikahamia JavaScript. Mwisho wa mwaka, ustadhi wa madrasa yetu aliniomba nimtengenezee ukurasa wa majina ya watoto na ada zao, kwani daftari lake lilikuwa limelowa mvua. Nilijua kuandika salamu kwa lugha tatu, lakini ukurasa huo sikuweza kuutengeneza kwa hata moja. Alingoja miezi miwili, kisha akanunua daftari jingine.

Tulivyofundishwa madrasa

Kosa langu nililielewa nilipokumbuka jinsi tunavyosoma fiqhi. Mwanafunzi wa madhehebu ya Shafi huanza na Safinatun Najaa, kisha Matni ya Abu Shujaa, na baada ya miaka hufika kwenye Minhaj ya Imam Nawawi. Hafungui vitabu vitatu siku moja. Aliyeuelewa mlango wa twahara katika kitabu kidogo huutambua akiukuta katika kikubwa. Lugha za programu ziko hivyo hivyo. Kigeugeu, sharti, mzunguko na fomula vimo katika zote. Ukivifahamu barabara katika lugha moja, ya pili itakuchukua wiki chache tu.

Huenda msomaji akauliza kwa nini mwanafunzi wa masomo ya Kiislamu anashughulika na jambo hili. Imam Ghazali, katika kitabu cha elimu kilichomo ndani ya Ihya, amezihesabu tiba na hesabu kuwa fardhi kifaya, na akawalaumu watu wa zama zake waliosongamana kwenye mijadala ya fiqhi huku mji hauna tabibu Mwislamu. Madrasa isiyo na mtu wa kuitengenezea daftari la kompyuta inaonja upungufu wa namna hiyo. Tena kwetu wakimbizi ni suala la riziki. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi, lakini anayeajiri hutazama unachoweza kufanya.

Lugha zenyewe

Kwanza kabisa kuna HTML na CSS. HTML hupanga yaliyomo katika ukurasa, CSS huupamba. Hizi hazina hiari, kila anayetengeneza tovuti huanzia hapo. Baada yake ndipo unachagua.

JavaScript ilitengenezwa na Brendan Eich mwaka 1995. Usiichanganye na Java, kwani ni lugha mbili tofauti. Ndiyo lugha inayoendeshwa moja kwa moja na kivinjari, kama Chrome au Firefox. Tangu ilipokuja Node.js mwaka 2009, imekuwa rahisi kuitumia upande wa seva pia.

PHP ilianzishwa na Rasmus Lerdorf miaka hiyo hiyo ya katikati ya 1990, nayo hufanya kazi kwenye seva. WordPress imeandikwa kwa PHP, na vilevile Moodle, ambayo vyuo vingi huitumia kuweka masomo. Seva za bei nafuu karibu zote huipokea.

Python ilitolewa na Guido van Rossum mwaka 1991. Inasomeka kwa urahisi na inapendwa sana katika uchambuzi wa takwimu. Hata hivyo, kwa tovuti hukaa upande wa seva, kwa hiyo JavaScript utaihitaji tu.

Tarjihi

Katika usuli, dalili zikikinzana tunafanya tarjihi, yaani tunapima ipi ina nguvu zaidi. Hapa pia jiulize maswali matatu. Una kifaa gani? Nani aliye karibu nawe atakayekusahihisha? Kazi unayoitaka inatumia nini?

Mbarara tulizungumza na mafundi wawili wa tovuti. Mmoja alisema karibu kazi zake zote ni za WordPress: shule, hoteli, maduka. Mwingine hutumia JavaScript. Nilimwuliza kuhusu malipo, nikidhani pengine MTN MoMo inataka lugha maalumu. Akacheka. Akanieleza kwamba mfumo wa malipo hupokea ombi kupitia HTTP, na lugha yoyote kati ya hizi tatu inaweza kutuma ombi hilo.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Kwa kijana wa Nakivale ambaye bando lake ni dogo na umeme wake ni wa sola, JavaScript ina uzito zaidi. Kivinjari tayari kimo ndani ya simu, unaweza kufanya mazoezi bila intaneti, na lugha moja inakutosha pande zote mbili. Ila kama jirani yako ni fundi wa WordPress aliye tayari kukufundisha, anza na PHP, kwani mwalimu aliye karibu ni bora kuliko video kumi. Na kama lengo lako ni takwimu, anza na Python. Ukishachagua, usihame kwa miezi sita, hata usikie nini.

Mdogo wangu aliomba ushauri, akaswali istikhara, akachagua JavaScript. Kazi yake ya kwanza ikawa ukurasa ule wa ustadhi. Siku ya kwanza ulileta kichekesho: mtoto aliyelipa 5,000 mara mbili alionekana kalipa 50005000! Sababu ni kwamba namba iliyoandikwa kwenye fomu hupokewa na JavaScript kama maandishi, na alama ya kujumlisha huyaunganisha maandishi. Ni lazima uyageuze kwanza kuwa namba kwa Number(). Katika PHP alama hiyo ingejumlisha na kutoa 10000, maana kule maandishi huunganishwa kwa nukta. Alihangaika siku mbili kulitafuta kosa hilo. Mimi katika mwaka wangu wa kuhamahama sikuwahi kulifikia, kwa sababu kila lugha niliiacha kabla ya kutengeneza kitu chenye ada za watu ndani yake.

Jambo la mwisho. Lugha yenyewe haina uhalali wala uharamu, hukumu inaangukia kile unachokitengeneza. Kuna atakayekuja na fedha nzuri akitaka tovuti ya kamari. Amua jibu lako leo, kabla njaa haijakuamulia.

Ustadhi sasa anaandika ada kwenye simu yake. Daftari bado analo, anasema la tahadhari.

Wabillahi tawfiq.