Baba Anapobaki Nyumbani Jumapili



Bwana na bibi mmoja walitutembelea mimi na mke wangu jioni moja. Walifunga ndoa kanisani miaka 17 iliyopita, na Mungu amewajalia watoto watatu. Bibi alianza kusema kabla hata chai haijamiminwa. Mumewe, alisema, hajakanyaga kanisani tangu mwaka 2020. Wakati ule makanisa yalipofungwa kwa sababu ya korona, walisali pamoja sebuleni na kusikiliza Misa redioni, na nyumba ilikuwa na amani. Makanisa yalipofunguliwa, yeye na watoto walirudi. Baba alibaki kitini. Kwanza alisema ana mafua. Baadaye akasema wazi kwamba Mungu wake anamjua, anamwomba pale pale nyumbani, na haoni haja ya kwenda kuketi na watu ili aombe. Sasa kijana wao wa kwanza, mwenye umri wa miaka 14, ambaye alikuwa akijitayarisha kupokea Kipaimara, amesema kwamba yeye pia atabaki na baba.

"Nikamwambia atakwenda motoni na watoto wangu," bibi akasema. Bwana alitazama dirishani, hakujibu neno.

Nyumba nyingi katika parokia zetu zina jambo hili, ingawa si zote hulisema. Ndiyo maana nimeona tulichunguze pamoja leo: kama imani ni jambo la moyo wa mtu na Mungu wake, basi Kanisa ni la nini?

Swali hili si geni. Mtakatifu Augustino anasimulia katika kitabu cha nane cha Maungamo yake habari za mzee mmoja aitwaye Victorinus, mzaliwa wa Afrika ya Kaskazini, aliyefundisha ufasaha wa kusema mjini Roma katika karne ya 4. Alikuwa msomi mkubwa hata akasimamishiwa sanamu hadharani. Huyu mzee aliyasoma Maandiko Matakatifu, akaamini, akamwambia rafiki yake Simplicianus kwa siri kwamba yeye tayari ni Mkristo. Simplicianus, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Milano, akamjibu kwamba hatasadiki mpaka amwone kanisani. Victorinus akacheka, akamuuliza kama basi kuta ndizo zimfanyazo mtu kuwa Mkristo. Mzaha huo waliurudia mara nyingi.

Lakini Augustino hafichi kilichokuwa nyuma ya mzaha ule. Victorinus aliwaogopa rafiki zake wakubwa, wasije wakamchukia wakijua anasali na Wakristo. Siku moja akamwambia Simplicianus waende kanisani. Ulipofika wakati wa kukiri imani alipewa nafasi ya kukiri faraghani, kama walivyoruhusiwa waliokuwa na haya. Akakataa. Alipopanda mbele ya watu, waliomjua walinong'onezana jina lake kwa furaha.

Angalieni jambo moja. Simplicianus hakubishana kwamba kuta ndizo zinazotufanya Wakristo, kwa maana si kweli. Alingoja tu. Mtu anaposema habari za kuta, mara nyingi kuna neno lingine ambalo halijasemwa. Kwa Victorinus lilikuwa hofu. Kwa bwana yule lilikuwa nini?

Tulimwuliza. Ilichukua muda, na vikombe viwili vya chai. Mwishowe akasema habari za siku ya mavuno mwaka 2019. Kazi yake ilikuwa imesimama miezi mitano. Alitoa shilingi 200, na jina lake likasomwa kwa kipaza sauti pamoja na kiasi alichotoa, mara tu baada ya jirani aliyetoa 10,000. Kuna watu walicheka nyuma. Alitaka kutoka lakini mlango ulikuwa mbali.

Bibi akauliza, "Mimi nilikuwa wapi?" Alikuwa jikoni na akina mama wenzake, wakiwapikia wageni. Miaka yote hiyo hakulijua jambo lile. Alikuwa akipigana na uvivu wa mume, kumbe alikuwa akipigana na aibu yake.

Basi lazima tukiri kwamba Kanisa, ambalo ni la Kristo, lina watu, na watu huumiza. Anayesema haumizwi na wakristo wenzake pengine hajakaa nao sana. Ila hatuwezi kukomea hapo.

Bwana alitukumbusha kwamba hata Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliita familia Kanisa la nyumbani. Ni kweli. Imo katika hati iitwayo Lumen Gentium ya mwaka 1964. Waume wengi wanaobaki nyumbani hulipenda sana neno hili! Lakini hebu tumwangalie bwana na bibi ambao Mtume Paulo anataja kanisa lililokutana nyumbani kwao, Akila na Priskila. Walikuwa mafundi wa kushona mahema. Agano Jipya huwataja daima pamoja, wala si mmoja peke yake. Huko Korintho walimkaribisha Paulo, akakaa na kufanya kazi nao. Huko Efeso walimchukua Apolo, msemaji hodari, wakamweleza kwa upole yale aliyokuwa hajayaelewa vizuri. Nyumba yao ilikuwa kanisa kwa sababu watu waliingia: mgeni, mwenye kukosea, mwenye kufundishwa. Sebule iliyofungwa mlango si kanisa la nyumbani bado. Ni sebule tu, hata kama tunasali ndani yake.

Sisemi sala ya bwana yule si kitu. Bibi mwenyewe alikiri kwamba kila siku saa kumi na moja alfajiri humsikia akisali. Hakuna anayeweza kuamini kwa niaba yako, hata mke wako. Lakini peke yako huwezi kujipa Ekaristi, wala huwezi kujiondolea dhambi. Tena, Mungu tunayekutana naye peke yetu kitini huelekea kukubaliana nasi mno. Hutuchukia tunaowachukia, hutusamehe tunayojisamehe. Tunahitaji jirani atakayesoma Injili ile ile na kuielewa kwa namna itakayotusumbua.

Maaskofu wa Afrika walipokutana katika Sinodi mwaka 1994, waliliita Kanisa Familia ya Mungu, na Papa Yohane Paulo II akalithibitisha katika waraka aliotia sahihi mjini Yaounde mwaka 1995. Kwetu sisi neno hilo si pambo. Mwana akisema anampenda baba yake lakini hataki kuingia bomani kwa sababu ndugu zake wamo, wazee hawatasema, "Vema, mpende ukiwa mbali." Wataita kikao. Watauliza nani alimkosea nani. Hapo ndipo Kanisa letu mara nyingi limeshindwa: mtu hutoweka miaka minne, na hakuna anayeuliza ila mweka hazina anayetafuta zaka.

Maaskofu wa AMECEA, walipokutana Nairobi mwaka 1973, walichagua njia ya jumuiya ndogo ndogo. Walitaka imani iishi mahali ambapo majirani wanajuana kwa majina. Jumuiya inayokutana kwa ajili ya michango tu imesahau ilizaliwa kwa nini.

Na ninyi wenye ndoa, jiulizeni: nani aliwapa sakramenti hii? Si padre. Mliipeana ninyi wawili, padre akashuhudia kwa jina la Kanisa. Kama imani ingekuwa jambo la mtu na Mungu wake basi, mngeapiana sebuleni mkanywa soda. Mliwaita watu washuhudie. Mlijua, hata kama hamkusema, kwamba ahadi ile ilikuwa nzito kuliko mabega mawili.

Sasa neno kwa bibi, kwa maana mke wangu alinikataza nimlaumu bwana peke yake. Mtakatifu Monika wa Tagaste, katika nchi inayoitwa leo Algeria, aliolewa na Patrisio, mtu mwenye hasira ambaye hakuwa Mkristo. Augustino, mwana wao, anasema mama hakubishana naye akiwa amekasirika. Alingoja apoe, ndipo aseme. Patrisio alibatizwa karibu na mwisho wa maisha yake. (Msimtumie Monika kumfundisha mwanamke kuvumilia kipigo. Anayepigwa na atafute msaada, na paroko ajulishwe.) Kumtishia mume moto wa milele ni kumpa sababu nyingine ya kubaki kitini.

Jambo jingine alilisema bwana polepole, na naona lilikuwa kweli. Jumanne chama cha akina mama, Alhamisi jumuiya, Jumamosi kwaya, Jumapili Misa na mikutano mpaka saa tisa. Katika nyumba ile Kanisa lilikuwa limekuwa jina la kitu kinachomwondoa mama. Bibi alinyamaza. Baadaye akasema kwaya anaweza kuiacha kwa muda.

Kuhusu kijana, tuliwaomba wasimfanye balozi. Mtoto akitumwa na mama akamwambie baba aje, na baba akimshika mkono abaki, atajifunza kwamba Kanisa ni ugomvi wa wazazi. Baba mwenyewe, akiwa peke yake, ndiye aliyemwambia aendelee na mafundisho ya Kipaimara. Alimwambia kwamba tatizo lake ni lake.

Bwana hakukubali kurudi Jumapili iliyofuata, nasi hatukumsukuma. Alikubali jumuiya ikutane kwake, kwa kuwa, alisema, viti anavyo. Tulikwenda naye kwa baba paroko pia. Padre alisikiliza habari za mavuno, akanyamaza, akamwomba radhi. Kuhusu kusoma majina na viwango, alisema atazungumza na kamati.

Siku ya jumuiya aliazima viti viwili zaidi kwa jirani, yule yule wa 10,000. Aliyepangiwa kusoma Injili alikuwa amesahau miwani. Kitabu kikapita mkono hadi mkono mpaka kikamfikia mwenye nyumba, akasoma. Kijana wake alikuwa amesimama mlangoni. Jumapili ile aliwasindikiza mpaka lango la kanisa, akageuka akarudi nyumbani.

Wanandoa wapendwa, usiku watoto wakishalala, zimeni redio muulizane. Je, kuna siku kanisani ambayo mwenzangu aliumizwa nami sikujua? Ni lini mara ya mwisho mtu asiye wa ukoo wetu kuingia nyumbani mwetu kusali? Na kama mmoja wenu yuko kitini leo, mwingine amemwuliza kwa nini, au amemwambia tu?