Kuzuia Matokeo Yasiyotakiwa katika Daftari la Programu: Tahadhari kwa Watafiti wa Matini

1.0 Utangulizi

Wanaisimu wanaochambua matini kwa kompyuta hutumia sana daftari la Jupyter, mradi uliozaliwa mwaka 2014 kutokana na IPython, programu aliyoianzisha Fernando Pérez mwaka 2001. Humo maelezo, msimbo na matokeo hukaa katika ukurasa mmoja, msimbo ukiwa umegawanywa katika seli. Hata hivyo, ukurasa hujaa upesi mambo ambayo mtafiti hakuyahitaji, naye huingiwa na hamu ya kuyanyamazisha. Makala haya yanadai kuwa matokeo hayo si ya aina moja, na kwamba anayeyazima yote kwa mkupuo anaweza kuharibu data yake bila kujua.

2.0 Aina za Matokeo

Aina ya kwanza ni thamani ya usemi wa mwisho katika seli, ambayo daftari huionyesha bila kuagizwa. Tuchukue amri ya kuchora grafu ya urefu wa sentensi:

(1) plt.hist(urefu)

Juu ya grafu hujitokeza safu za tarakimu, kwa kuwa amri hiyo, licha ya kuchora, hurejesha idadi na mipaka ya makundi. Nuktamkato yatosha kuziondoa:

(2) plt.hist(urefu);

Katika sarufi ya Python yenyewe, nuktamkato hutenganisha amri tu. Uamilifu wa kunyamazisha ni desturi ya IPython, inayofanana na ile ya MATLAB na Mathematica. Kwa maneno mengine, alama ni ile ile, lakini lahaja imeipa maana ya ziada.

Aina ya pili ni maandishi yanayochapwa kwa print. Nuktamkato haiyagusi. Aina ya tatu ni maonyo, ambayo kwa kawaida hupitia mkondo wa makosa. Amri ya %%capture, ikiandikwa katika mstari wa kwanza wa seli, huzinasa aina zote tatu. Hapo ndipo penye hatari.

3.0 Sentensi Zilizopotea

Mwanafunzi mmoja wa uzamili tuliyemsimamia alikuwa akihesabu vishazi rejeshi vya amba- katika matini za magazeti. Faili lake lilikuwa na safu tatu zilizotenganishwa kwa mkato: chanzo, mwaka na sentensi, nazo sentensi hazikufungwa kwa alama za mtajo. Alilisoma hivi:

(3) pd.read_csv('matini.csv', on_bad_lines='warn')

Kwa kawaida pandas ikikuta mstari wenye safu zilizozidi husimama na kutoa hitilafu. Kwa maelekezo ya (3), huuruka mstari huo na kutoa onyo. Maonyo yakawa mengi, ukurasa ukachafuka, naye akaongeza %%capture. Tangu hapo kila sentensi yenye mkato ndani yake ilitupwa kimyakimya.

Sentensi hizo si sampuli ya nasibu. Aghalabu ndizo ndefu, zenye vishazi tegemezi, yaani zile zile alizokuwa akizitafuta. Hoja yake kwamba amba- ni adimu katika magazeti ilikuwa zao la mikato, wala si la lugha. Tuliligundua kosa tulipolinganisha idadi ya mistari ya faili na ile ya jedwali, kazi isiyozidi dakika moja.

Kama ni lazima kunasa, tunapendekeza maonyo yaachwe yapite:

(4) %%capture --no-stderr

Inawezekana pia kuyapa jina yaliyonaswa, kwa mfano %%capture rekodi, kisha kuyasoma katika seli inayofuata kwa rekodi.show(). Sisi tunaipendelea (4), kwani rekodi isiyosomwa haitofautiani na iliyofutwa. Ama faili lenyewe, lilitengenezwa upya kwa kufunga kila sentensi katika alama za mtajo, on_bad_lines ikaondolewa, na sura nzima ya matokeo ikahesabiwa tena.