Stadi Moja Ikikatika: Majibu kwa Madereva wa Barabara ya Koboko

Lami inayotoka Vurra, mpakani mwa Uganda na Congo, hadi Oraba, mpakani mwa Sudan Kusini, ina urefu wa kilomita 92 na hupitia Arua na Koboko. Kwa dereva wa Manibe, karibu na Arua, lami hiyo imefupisha safari na kuongeza mwendo. Gari lililotikiswa kutwa kwenye vumbi la Rhino Camp, nati zikalegea bila mtu kujua, likishika lami huanza kukimbia. Hapo ndipo stadi za gurudumu, vile vyuma vyenye uzi vinavyotokeza kwenye habu na kupokea nati, hupimwa kwelikweli.

Stadi huharibiwa na nini hasa?

Mashimo ya barabarani hubeba lawama nyingi, lakini mkosaji mkubwa ni bomba linalochomekwa kwenye spana. Corolla huhitaji nguvu ya nyutonimita 103 kwa kila nati. Mtu wa kilo 70 akisimama kwenye ncha ya bomba la mita moja anaweka karibu 690. Chuma cha stadi kinavutwa kama mpira, na tofauti na mpira hakirudi. Kitakatika siku nyingine, mbali na aliyekikaza.

Nati iliyolegea nayo huua. Rimu hucheza, matundu yake hutanuka, na stadi hupinda mbele na nyuma hadi inachoka. Tope kavu au rangi nene kati ya rimu na habu huleta balaa hilohilo, maana vikishapondeka kwa mwendo, nati inabaki haina mkazo.

Je, nati ya Nissan yafaa kwenye Toyota?

Haifai, hata kama inaonekana sawa. Zote mbili zina kipenyo cha milimita 12 kwenye magari mengi madogo, ila uzi wa Toyota una hatua ya milimita 1.5 na wa Nissan 1.25. Nati hiyo huingia mizunguko michache, kisha hukwama. Akiongeza nguvu, fundi anakuwa anachonga uzi wa stadi. Kipimo ni rahisi: nati sahihi huingia kwa vidole hadi karibu na rimu, na spana humalizia tu.

Dalili za stadi mbovu ni zipi?

Nati inayozunguka bila kukaza, kutu nyekundu inayochuruzika pembeni ya nati, mlio wa kugonga gari likianza kuondoka, au usukani unaotetemeka. Nati inayozunguka bure haisubiri safari ya kesho.

Kubadilisha stadi kunafanywaje?

Nati hulegezwa gari likiwa bado chini, kisha jeki inapandishwa na gari kuwekwa juu ya stendi imara. Gurudumu likitoka, kalipa hufunguliwa na kufungwa kwa waya kwenye springi, isining'inie kwa mpira wa breki. Diski au dramu huvuliwa. Habu huzungushwa hadi stadi mbovu ifike penye nafasi nyuma yake, ndipo isukumwe nje. Presi ndiyo bora. Nyundo hutumika sana gereji za pembeni mwa barabara, lakini kila pigo hupita kwenye beringi, na beringi iliyoumia huanza kuvuma baadaye.

Stadi mpya ina meno karibu na kichwa. Yapangwe yalingane na mifereji iliyomo kwenye tundu. Kisha huwekwa washa kadhaa zilizopakwa grisi kidogo, na nati ya zamani ikigeuzwa, upande wake bapa uelekee ndani. Inakazwa polepole hadi kichwa kikae kabisa nyuma ya habu. Kichwa kikiachwa na upenyo hata mdogo, kitajisogeza barabarani na nati italegea yenyewe.

Gurudumu likirudi, nati hukazwa kwa mpango wa nyota, kila moja ikiruka jirani yake, na uzi ubaki mkavu. Baada ya kilomita 50 hadi 100 zikaguliwe tena. Anayeondoka Manibe asubuhi afanye hivyo Koboko, kabla ya kugeuza.

Ikikatika moja, zibadilishwe ngapi?

Moja ikikatika, mzigo wake umebebwa na jirani zake wawili, kwa hiyo nao wabadilishwe. Zikiwa mbili au zaidi, zitoke zote za gurudumu hilo.

Haiwezi kuchomelewa?

Isichomelewe kamwe. Stadi hupewa uimara wake kiwandani kwa joto lililopimwa. Moto wa kuchomelea huondoa uimara huo, na hakuna jicho linaloweza kuona tofauti.

Mbona nati za lori la zamani hukataa kufunguka upande wa kushoto?

Fuso na Isuzu nyingi za zamani zina uzi wa kinyume upande huo: hufunguka kwa kuzungusha kulia. Kabla ya kutafuta bomba, ncha ya stadi ipanguswe vumbi na kutazamwa. Mara nyingi ina herufi L.