Dadu au pointi?

SWALI: Ninabuni mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika. Wachezaji wapate sifa za wahusika wao kwa dadu au kwa kugawa pointi?

JIBU: Inategemea mhusika ataishi muda gani. Dungeons & Dragons ya 1974 ilitumia dadu tatu kwa kila sifa kati ya sita, zikiwemo nguvu, akili na wepesi. Jumla huwa 3 hadi 18, na nafasi ya kupata 18 ni moja kati ya 216. Bahati hiyo huzaa wahusika wasiotarajiwa, nayo hufaa mchezo ambamo wahusika hufa upesi na kuundwa upya haraka.

Hadithi ikidumu miezi, aliyeangukiwa na dadu mbaya ataumia kila kikao. Hapo tumia pointi. Toleo la tano, la 2014, linatoa 27: kila sifa huanzia 8, kuifikisha 13 hugharimu 5, na 15 hugharimu 9. Ngazi za juu ni ghali zaidi, hivyo anayetaka ubingwa hukubali udhaifu kwingine. Uamuzi huo ndio unaompa mhusika sura yake, kwa hiyo ulinde.

Kisha wape kanuni zako wachezaji wageni. Wanapokwama, punguza machaguo.