Nafsi ya Tatu: Somo Juu ya Michezo ya Bunduki Wanayocheza Vijana Wetu



Wazazi kadhaa wa hapa Mpanda mjini wametuuliza swali moja kwa namna mbalimbali: je, michezo ya bunduki ambayo vijana huicheza kwenye televisheni za vibandani na kwenye simu zao ni mchezo tu, au ni mafunzo? Swali ni zuri, wala halijibiwi kwa kupiga marufuku tu. Sisi tuliofundisha walimu kwa miaka mingi tulizoea kuwaambia wanachuo kwamba asiyelijua somo asilifundishe. Kwa hiyo tulifunga safari mpaka kibanda kimoja kilicho karibu na soko, tukalipia kiti kama wengine, tukatazama kwa alasiri tatu. Vijana walitupa shikamoo, wakatupisha benchi la mbele, kisha wakatusahau. Ndivyo tulivyotaka.

Kwanza yafaa tueleze michezo hiyo ni ya namna gani, maana wengi wetu tumeijua kwa mlio wa risasi unaotoka dirishani tu. Michezo ya kulenga na kupiga ina aina mbili kubwa. Katika aina moja mchezaji haoni mtu wake. Huona mikono na bunduki tu, kana kwamba kioo cha televisheni ndiyo macho yake mwenyewe. Hiyo huitwa michezo ya nafsi ya kwanza. Katika aina nyingine mchezaji humwona mtu wake kwa nyuma, kisogo na mgongo, akitembea mbele yake, naye humwongoza kwa vifungo vilivyo mkononi. Hiyo ndiyo michezo ya nafsi ya tatu. Waliosoma sarufi watafurahi kuona kwamba mimi na yeye wamefika mpaka humo. Free Fire, ambao vijana wengi wanaucheza kwenye simu tangu ulipotoka mwaka 2017, ni wa aina hii ya pili.

Mwaka 2005 kampuni ya Capcom ya Osaka, Japani, ilitoa mchezo uitwao Resident Evil 4, ambao uliisogeza kamera karibu kabisa na mtu, ikakaa nyuma ya bega lake la kulia. Mwaka uliofuata ukatoka Gears of War wa Marekani, hadithi ya vita katika sayari ya kubuni iitwayo Sera, nao ukafuata mtindo huo huo wa begani. Tangu hapo mtindo huo umeenea kote. Angalieni matokeo yake: mchezaji kwa muda mrefu haoni uso wa mtu anayemwongoza, bali huona nyuso za wale anaowapiga. Lakini aliye mbele yake kwa mgongo anamjua kwa jina na historia yake yote, na wale anaowaona nyuso hawajui hata mmoja.

Mchezo tuliokuta ukichezwa sana kibandani ulikuwa Resident Evil 5, uliotolewa Machi 2009. Kwa hesabu ya vijana huo ni mchezo wa zamani, lakini hata mashine za kibanda kile ni za zamani, na mchezo huu una sifa moja ya kuwavutia: watu wawili huweza kucheza pamoja, kioo kikigawanywa sehemu mbili. Mmoja humwongoza Chris Redfield, Mmarekani. Wa pili humwongoza Sheva Alomar, mwanamke wa Kiafrika. Wanagawana risasi, wanagawana majani ya dawa ya kuponyea majeraha (ndiyo, mitishamba!), na mmoja akiangushwa mwenzake humkimbilia kumwinua. Hatuna budi kusema kweli kwamba tuliwaona vijana wawili, ambao barabarani hawasalimiani, wakisaidiana humo kwa subira ambayo tungependa kuiona katika vikundi vya usafi wa mtaa.

Hadithi yenyewe ni ya kisayansi ya kubuni. Mahali ni Kijuju, eneo la kubuni katika Afrika. Vidudu vilivyotengenezwa maabara vinaingizwa katika miili ya watu, na watu hao wanapoteza nafsi zao, wanakuwa jeshi lisilo na hiari. Chris na Sheva wanaingia mji ule na kuwapiga risasi wakazi wake, mtaa kwa mtaa, kwa saa nyingi.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike somo hili. Wakazi wa Kijuju wanazungumza Kiswahili. Hatukuamini masikio yetu. Tuliomba sauti iongezwe. Wanaitana na kuhimizana kwa Kiswahili, chenye lafudhi ya namna yake, lakini Kiswahili. Maandishi ya mchezo yamo kwa Kiingereza na lugha nyingine za nje. Kwa Kiswahili hakuna hata mstari. Maana yake ni kwamba mchezaji wa Osaka au wa Chicago husikia kelele tu za maadui, lakini mtoto wa Mpanda husikia maneno. Katika mchezo wote, wenye kusema lugha ya mama yake ni wale ambao kazi yake ni kuwaua.

Na wanaitwa nani? Wanaitwa Majini. Mchezo unaeleza kuwa ni neno la Kiswahili lenye maana ya pepo wabaya. (Mtoto mmoja mdogo aliyekuwa dirishani alidhani wanaitwa hivyo kwa kuwa wanaishi majini, yaani ndani ya maji, akangoja wazame. Hatukumsahihisha mara moja.) Neno jini tulilipata kwa Waarabu, na watu wa pwani watawaambia kwamba jini kwao si pepo mbaya siku zote, yuko mwema na yuko mkorofi. Wajapani hawakuchukua hayo yote. Walitaka neno la kutisha, wakapata.

Picha za kwanza za mchezo huu zilipoonyeshwa mwaka 2007, zikimwonyesha mzungu akiwaua Waafrika weusi katika kijiji chao, waandishi kadhaa wa Marekani na kwingineko walilalamika kwa nguvu, na ubishi uliendelea mpaka mchezo ulipotoka. Wengine walijibu kwamba mchezo uliotangulia ulikuwa katika kijiji cha Hispania, nako waliouawa ni Wazungu, basi pana kosa gani? Jibu hilo si la kudharauliwa, lakini linatufunulia jambo jingine. Katika mchezo wa Hispania wanakijiji waliitwa Ganado, neno la Kihispania lenye maana ya mifugo. Katika Gears of War maadui wanaotoka chini ya ardhi wanaitwa kwa neno la Kiingereza lenye maana ya nzige. Sisi wa Katavi hatuhitaji kuelezwa nzige hufanywa nini, maana nyanda za Iku na Katavi zimo katika orodha ya mazalio ya nzige wekundu, na ndege za kunyunyiza dawa si hadithi huku. Mifugo, nzige, majini: kabla ya bunduki kutolewa, jina hutolewa kwanza.

Hapo ndipo sarufi inapotusaidia. Tulipokuwa chuoni tulifundisha kwamba kiumbe chenye uhai hufuata upatanisho wa A-WA hata kama umbo la jina lake ni la ngeli nyingine. Twasema kiboko anaoga katika mto Katuma, wala si kinaoga, vifaranga wanalia, majini wamekuja. Lugha yetu imempa heshima hiyo hata jini. Lakini kibandani tuliwasikia vijana wakipiga kelele: "Yanakuja kushoto! Yapige hayo!" Hawakukosea kwa kutojua. Mswahili akitaka kumtoa mtu katika utu humtoa kwanza katika A-WA. Husema jitu limekuja, yale majitu yanatutazama. Tena kijana huyo huyo, mtu wake alipoangushwa, alisema, "Nimekufa." Hakusema amekufa. Kumbe machoni mchezo ni wa nafsi ya tatu, lakini mdomoni aliye na bunduki ni mimi, na aliyesimama mbele ya bunduki si wewe wala yeye, ni hayo.

Tulimwuliza kijana mmoja wakati wa mapumziko, umeme ulipokatika: "Hao watu walikuwa nani kabla ya kuwa hivyo?" Akajibu, "Mwalimu, hao ni majini tu." Wenzake wakacheka. Lakini mmoja, mkimya, akasema kuna karatasi za kuokota njiani ambazo wengi huzipita bila kuzisoma kwa sababu ni Kiingereza kirefu. Umeme uliporudi alitutafutia mojawapo. Ni shajara ya kijana wa kijiji cha huko Kijuju. Anasimulia jinsi watu wa nje walivyokuja wakisema wanawachanja wanakijiji wasipate ugonjwa, na jinsi watu wa kwao walivyoanza kubadilika baada ya hapo. Anaandika kwa nafsi ya kwanza. Katika saa zile zote za risasi, hapo tulimsikia mkazi mmoja wa mahali pale akisema "mimi".

(Tutanabahishe hapa, wasije wengine wakachanganya mambo: hiyo ni hadithi ya kubuni. Chanjo ya surua na ya polio wanayopewa watoto wetu zahanati haina uhusiano wowote na kisa hicho. Wapelekeni watoto.)

Basi hadithi yenyewe inakiri kwamba wale wanaoitwa majini ni watu waliodhulumiwa. Kampuni ya kubuni iitwayo Tricell imewatumia kwa majaribio yake, na wenye hatia hasa ni mabwana wachache wenye suti na boti za kukimbilia. Jambo la ajabu ni kwamba Gears of War nayo imeishia hapo hapo. Katika mchezo wake wa mwaka 2019, uitwao Gears 5, inafunuliwa kwamba wale nzige chanzo chao ni majaribio waliyofanyiwa watoto wa wachimba madini. Vijana wamewapiga tangu mwaka 2006, na miaka 13 baadaye wanaambiwa walikuwa wakipiga uzao wa watoto. Katika mji kama wetu, uliofikiwa na reli kwa ajili ya machimbo ya risasi na ambao mpaka leo una watoto wa wachimba dhahabu, habari hiyo ingestahili kusomwa polepole.

Wapo watakaosema tunalifanya jambo dogo kuwa kubwa, kwani hakuna aliyewahi kufa kwa risasi ya televisheni. Ni kweli. Hatudai kwamba kijana akicheza mchezo huu atatoka nje akaue mtu. Tumewaona wakitoka, wanakwenda kula mihogo. Hoja yetu ni nyembamba zaidi. Katika mikoa yetu hii ya magharibi na ile ya Kanda ya Ziwa, wazee, hasa akina mama, wameuawa kwa mapanga kwa kudhaniwa wachawi, wengine kwa sababu ya macho mekundu tu, macho yaliyowekundishwa na moshi wa kuni za kuwapikia watoto na wajukuu. Hayo yalianza kabla mashine yoyote ya michezo haijafika Mpanda. Waliouawa walikuwa wameshapewa jina. Aliyekuwa bibi wa fulani, mwenye shamba la karanga kule bondeni, aliitwa mchawi, kisha likaitwa lizee, ndipo panga likafuata. Tena tunao kati yetu ndugu wa Katumba na Mishamo, ambao wao au wazazi wao walikimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Wengi walipewa uraia wa Tanzania, lakini bado husikika mtu akimwita jirani yake "mkimbizi" katika ugomvi wa kiwanja. Mtoto aliyefundishwa na sisi wenyewe kusema hivyo hakungoja mchezo kutoka Japani.

Kuhusu mambo ya nyumbani tutasema kwa kifupi. Mchezo huu umewekewa alama ya miaka 18 Ulaya na 17 Marekani, na kibandani tuliwaona watoto wa darasa la nne. Mwenye kibanda aambiwe kwa heshima; yule wetu alisikia, akaweka mchezo wa mpira kwa ajili ya wadogo. Fedha za ada zisiishie huko, na saa za kusoma zijulikane. Hayo kila mzazi anayajua, wala hayahitaji mwalimu mstaafu.

Lisilojulikana sana ni kukaa na kijana mbele ya kioo na kumwuliza maswali. Vikundi vya wazazi na vijana wa kipaimara vitakavyotumia somo hili vianze na haya. Mtu tunayemwongoza anaitwa nani, na tulijuaje jina lake? Wale wanaokuja mbele yetu, mchezo umewapa jina gani, na kabla ya jina hilo walikuwa nani? Nani aliwafanya wawe hivyo, na je, katika mchezo tunampiga yeye mara ngapi ukilinganisha na wao? Kisha waache televisheni, kila mmoja aandike katika daftari majina ambayo kwao nyumbani huitwa watu wasiopendwa mtaani, na mbele ya kila jina aandike upatanisho unaotumika: anakuja, au linakuja.

Kijana yule mkimya anaitafsiri shajara ile kwa Kiswahili. Amefika nusu. Ametuuliza neno gani litumike mahali ambapo mwandishi anawataja watu wa kijiji chake, naye tumemwambia aandike "ndugu zangu", kisha atuletee tuone kama inakaa.