Alikuwa na kesi, alikuwa mgonjwa, na mimi nikanyamaza



Vijana wenzangu, somo letu leo ni Injili ya Marko 5:1-20. Fungua Biblia yako usome kwanza, kisha urudi hapa.

Katika jumuiya yetu huku Mbagala, kijana wa miaka 16 alikamatwa. Alivunja kioo cha duka akachukua simu, mchana kweupe, watu wanamwangalia. Hakukimbia. Alikaa chini palepale, anaongea peke yake. Alipigwa kabla polisi hawajafika. Mtaani jibu lilikuwa tayari: "Bangi hiyo." Wengine wakasema Panya Road, maana tangu ile hofu ya Januari 2015, jina hilo hupewa karibu kila kijana maskini anayekosea. Na sisi wanajumuiya tukasema: mapepo.

Mimi nilijua zaidi. Kwa miezi mitatu hivi nilimwona halali, habadili nguo, ameacha kwaya, anasema redio ya jirani inamtaja jina. Tulikuwa tunamcheka. Alipokamatwa, mama yake alikuja kwetu: "Mwanangu, wewe ndiye uliyekuwa unakaa naye. Twende ukaongee na afisa ustawi." Nikamjibu, "Samahani mama, nina mtihani." Sikuwa na mtihani wowote. Niliogopa kuitwa rafiki wa mwizi.

Sasa tutazame Injili. Yule mtu alikuwa akiishi makaburini. Watu wa mji walikuwa na dawa moja tu: minyororo. Yesu anamuuliza jina lake. Tena mtu huyu alipopona aliomba afuatane na Yesu, lakini Yesu akamrudisha nyumbani, kwa watu wake. Kwa nini? Naona ni kwa sababu uponyaji haujakamilika mpaka nyumbani wakupokee. Na watu wa mji je? Walihesabu nguruwe wao waliopotea, wakamsihi Yesu aondoke.

Je, sheria yetu inasemaje? Ni vizuri tuijue, maana huruma bila maarifa hukwama njiani.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na inasema mtoto hatahukumiwa kifungo gerezani. Kesi yake husikilizwa katika Mahakama ya Watoto, kama ile ya Kisutu hapa Dar es Salaam, bila watu wa nje kujazana. Afisa ustawi wa jamii huandaa taarifa kuhusu maisha ya mtoto: nyumbani, shuleni, afya yake. Mahakama inaweza kumwachia kwa masharti au kumweka chini ya uangalizi.

Na akiwa mgonjwa wa akili? Mahakama ikiona mshtakiwa hawezi kuielewa kesi yake, inaweza kuagiza achunguzwe na daktari. Wengi tunaijua Isanga, kule Dodoma, iliyo chini ya Hospitali ya Mirembe. Lakini Dodoma ni kama kilomita 450 kutoka hapa, na si kila mgonjwa mwenye kesi anahitaji kupelekwa huko. Hospitali za rufaa za mkoa za Temeke, Mwananyamala na Amana zina huduma za afya ya akili, na Muhimbili ipo. Hata mpango wa kuwarekebisha watoto wenye kesi wakiwa nyumbani kwao, badala ya mahabusu, ulianzia Temeke mwaka 2012. Kwa hiyo jambo hili si la ugenini. Ni la kwetu.

Shida ni kwamba afisa ustawi hawezi kuandika asichoambiwa. Mama alikuwa kazini kutwa, baba hayupo. Aliyeona dalili ni mimi. Kijana alikaa mahabusu wiki tatu bila dawa. Wiki zile tatu nazibeba mimi.

Nilikwenda baada ya kuungama. Padre hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Na sasa utafanya nini?" Nikaenda nikasema yote: tarehe, maneno, ile redio. Katekista akatafuta cheti cha ubatizo, kwa sababu cheti cha kuzaliwa hakikuwepo na umri ulikuwa unabishaniwa. Daktari alimchunguza. Mwishowe alirudi nyumbani chini ya uangalizi wa afisa ustawi, na kliniki kila mwezi.

Sitawadanganya kwamba yote yameisha. Kuna mwezi alikosa kliniki kwa sababu ya nauli, hali ikarudi nyuma. Sasa WAWATA wanachangia nauli, na sisi vijana tunapokezana kumsindikiza. Mwenye duka bado hamsalimii. Amerudi kwaya, sauti ya tatu.

Mtauliza: tusimwombee? Tumwombee sana. Lakini Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatufundisha kumheshimu tabibu, kwani naye ametoka kwa Mungu. Sala na dawa havigombani. Kule Geel, Ubelgiji, mahali anapoheshimiwa Mtakatifu Dymphna, familia za kawaida zimewapokea wagonjwa wa akili majumbani mwao kwa karne nyingi. Hawakusubiri wawe wataalamu.

Mambo ya kushika:

1. Ukiona mwenzako amebadilika, mwambie mtu mzima mapema, kabla ya polisi.
2. Akikamatwa, familia itafute haraka uthibitisho wa umri na karatasi za hospitali.
3. Ongea na afisa ustawi. Sema ulichoona, usiongeze chumvi.
4. Ulizeni msaada wa kisheria. Ipo sheria yake ya mwaka 2017 kwa wasio na uwezo.
5. Akirudi, mwite kwa jina lake.

Ya kutafakari: Katika mtaa wenu, nani anaishi "makaburini"? Na wewe unahesabu nguruwe gani?

Tusali: Ee Bwana Yesu, uliyemuuliza jina mtu ambaye wote walimfunga, utupe ujasiri wa kusema ukweli kwa ajili ya wenzetu wasioweza kujitetea. Utusamehe kimya chetu. Amina.